Kibodi ya Katoni

Mama Berthe alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, nacho kilikaa kwenye vidole. Hakujivunia nguo, na watoto hakujaliwa. Hata katika shirika lao la parokia alikaa benchi la nyuma na kuimba kwa sauti ya chini. Ila mbele ya mashine ya kuandikia alikuwa mtu mwingine kabisa. Mgongo wima, vidole kumi, macho kwenye karatasi anayonakili. Masista ndio waliomfunza hivyo, wakiwafunika wasichana mikono kwa aproni wasione herufi, na aliyechungulia alirudia ukurasa mzima tangu juu. Berthe alichungulia mara moja, akiwa na miaka kumi na sita. Sasa alikuwa na hamsini na minne na hajarudia.

Mashine zilibadilika, yeye hakubadilika. Alianza na ile ya chuma, nzito, ya kugonga mpaka kucha zinauma, yenye kengele mwisho wa mstari. Ikaja ya umeme, iliyoruka kwa kuguswa tu. Ikaja kompyuta na kibodi yake nene yenye rangi ya maziwa yaliyochacha, kisha kibodi nyeusi, nyembamba, isiyopiga kelele. Zote alizizoea ndani ya juma moja, kwa sababu zote zilifuata mpangilio wa Kifaransa: mstari wa juu unaanza na A na Z, M iko ukingoni baada ya L, na tarakimu hupatikana kwa kushikilia kitufe cha herufi kubwa. Kila herufi aliikuta pale pale masista walipoiacha.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, kampuni iliyonunua kiwanda alichofanyia kazi huko Shituru ikaleta kompyuta mpya kwa lori, kupitia Zambia. Mama Berthe akapewa tangazo la wafanyakazi ili alinakili, ukurasa mmoja. Akaweka karatasi kushoto kwake, akanyoosha vidole, akaanza. Hakuinua macho mpaka nukta ya mwisho. Halafu akaituma kwenye mashine ya kuchapia, ambayo ilikuwa mezani kwa Monsieur Ruffin, mkubwa wa ofisi, na kwa hiyo Monsieur Ruffin ndiye aliyeiona kwanza.

Kibodi mpya zilikuwa za Kiingereza. Kwenye karatasi ile kila A ilikuwa Q, na kila Z ilikuwa W. M zilikuwa zimetoweka na mahali pake pamekaa alama za nukta-mkato. Tarehe imekuwa safu ya alama ambazo hata mhasibu hangezisoma. Jina la mji wao, Likasi, lilikuwa “Likqsi”. Maneno machache yalitoka salama, likiwemo Shituru, na hilo halikusaidia kitu.

Monsieur Ruffin hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kuchekesha, na watu wa aina hiyo wakipewa ofisi huwa hatari. Akasimama katikati ya meza sita, akainua karatasi juu, akaisoma kama ilivyo, herufi kwa herufi, akijikwaa kwa makusudi.

“Maman Berthe,” akasema, “hii karatasi unaiandika mu luga gani? Mu kizungu, mu kiluba, ao mu luga ya bamalaika?”

Watu wakacheka. Danielle, msichana mpya aliyeandika kwa vidole viwili, naye akacheka, kisha akaona uso wa Mama Berthe na kujifanya anakohoa.

“Sikuangalia, chef,” Mama Berthe akajibu.

Hilo ndilo lililokuwa kosa lote, na halikuwa kosa kabisa. Wale wenye vidole viwili waliona tangu herufi ya kwanza kwamba vitufe vimehama, wakavifuata vilikohamia. Aliyejua kazi kuliko wote ndiye aliyekwenda mpaka mwisho wa ukurasa akiwa gizani.

Kabla ya kurudi mezani kwake Monsieur Ruffin alitangaza habari nyingine, na hiyo hakuitania. Ijumaa ya juma lijalo kila karani atapewa ukurasa na dakika kumi na tano. Atakayeshindwa atapumzishwa kabla ya umri wa kustaafu. Wakubwa wapya walikuwa wanataka pia nyumba za kampuni zirudi kwa wale wanaofanya kazi, hivyo anayepumzishwa aanze kutafuta pa kwenda. Alisema hayo akiangalia dirisha.

*

Nyumba yao ya kampuni ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na paa la mabati lililogeuka rangi kwa vumbi na moshi. Mama Berthe aliingia, akavua viatu, akamkuta mumewe pale pale alipomwacha asubuhi, kwenye kiti cha mikono kando ya meza. Jirani, Mama Kabongo, ndiye aliyempitia saa sita kumlisha na kumgeuza. Benoît alikuwa mtu wa reli, mwenye sauti ya kuita mabehewa toka upande huu wa kituo mpaka ule. Miaka miwili nyuma damu ilimpanda kichwani, ikamchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia, na ulimi. Mdomo ulibaki umepinda, ukitoa sauti moja isiyo na maana.

Mwanzoni Berthe alijitahidi. Alimpa kalamu ashike kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haujawahi kuandika maishani, na Benoît akachora mikwaruzo ya kuku karatasi nzima. Berthe akaiangalia mikwaruzo ile, akalia, akaamini yale ambayo majirani walikuwa wameshayasema: kwamba akili nayo imekwenda. Akaficha kalamu. Tangu hapo alimwogesha, akamvalisha, akamkatia kucha, akampikia chakula kisicho na chumvi kama alivyoagizwa, na hakukosa hata siku moja. Kitu kimoja tu alikiacha. Alichoka kusema na mtu asiyejibu, maneno yakapungua mwezi hadi mwezi, mpaka ndani ya nyumba ile ikabaki sauti ya kijiko na sahani.

Jioni hiyo pia hakumwambia kitu. Alisonga bukari, akatia sombe la majani ya muhogo pembeni, akamlisha, akajilisha. Alijiona ndiye mtu pekee aliye hai ndani ya nyumba ambayo karibu itachukuliwa, na hakuwa na wa kumweleza. Alitamani mtu amuulize tu, “Kazi iliendaka aje?” Hata kama angejibu “muzuri” na kudanganya.

*

Kesho yake Danielle alikuja na karatasi ya vibandiko vya herufi, akavibandika juu ya vitufe vya Mama Berthe kimoja kimoja, vyekundu, kama vya watoto wa chekechea. Alifanya kwa moyo mzuri. Mama Berthe alimshukuru, ingawa aibu ilimpanda mpaka masikioni. Vibandiko vilikuwa dawa ya watu wanaotazama. Yeye alipojaribu kutazama, vidole vilisimama vyote kumi, vikawa havijui hata kile vilichokuwa vikijua. Akitazama anakuwa mjinga. Asipotazama anaandika Likqsi.

Hapo akapata wazo lake la katoni. Alikata ubavu wa katoni ya sabuni, na wakati wa mapumziko ya saa sita akaichora kibodi nzima kwa kalamu ya wino mnene, kwa vipimo, akitumia rula. Hakuacha kitufe. Alichora hata vile vya juu ambavyo hajui kazi yake. Akaibeba nyumbani ndani ya mfuko pamoja na nyanya, akaiweka mezani mbele ya kiti cha Benoît, maana meza ilikuwa moja tu na Benoît hasogezeki kirahisi.

Kuanzia siku hiyo, kila jioni kabla ya kuwasha makaa, alikaa saa nzima akigonga katoni. Masista walifundisha kwa kutaja kwa sauti, naye akataja kwa sauti. Hakuwa anasema na mtu. Alisema na vidole vyake kama mwalimu na darasa zito.

“A iko hapa sasa, chini. Q njo iko yulu. M ilishuka, iko karibu na N. Hii ni ya kufuta: ukifinya mara moya, inafuta lettre moya; ukiikamata bila kuachilia, inafuta ligne, mustari yote. Hii kubwa ni ya kushuka. Ile ulisha kuandika inabakia yulu vile iko, weye unaanza ligne ingine.”

Tena na tena, jioni nane. Benoît alikuwa amekaa pale, kichwa kimeinama upande, macho yanafuata vidole. Berthe aliona macho yale, akadhani yanafuata kitu kinachosogea, kama macho ya paka yanavyofuata uzi.

Vidole vilikataa. Asubuhi akifika ofisini, akianza tu kukimbia, vinarudi kwa masista. Miaka thelathini na minane haifutiki kwa jioni nane. Siku ya Jumatano alijipima kwa saa ya ukutani: dakika thelathini na tatu, makosa arobaini na sita. Monsieur Ruffin alipita nyuma yake, akaona, na safari hii hakutania. Kutotaniwa kulimuumiza kuliko utani.

Fundi wa kompyuta alikuwa Cédrick, kijana mpole aliyekuwa akipita na mfuko wake wa nyaya. Kila alipouliza kama kuna tatizo, Mama Berthe alijibu hakuna. Angemwambia nini? Kwamba yeye, aliyewafundisha makarani watatu wa ofisi ile, hajui A iko wapi? Alimeza, akainama kazini.

*

Jumapili katikati ya siku hizo nane, baada ya misa, mdogo wake Julie alikuja kumtembelea na mkungu mdogo wa ndizi. Walikaa mezani, Benoît upande huu, wao upande ule, katoni katikati. Julie aliuliza habari za kazi. Alikuwa mtu wa kwanza kuuliza kwa siku nyingi, na Berthe akafunguka kama gunia lililopasuka. Akamweleza karatasi iliyosomwa hadharani, vibandiko vyekundu, mtihani, nyumba. Akasema hajui wakitolewa watakwenda wapi na mtu wa kubebwa, nani atawapokea, nani atamsaidia kumgeuza usiku. Julie akachuma ndizi moja kwenye mkungu, akaisogeza mbele ya dada yake; yeye mwenyewe alikuwa na watoto watano katika chumba kimoja huko Kikula.

Ndipo Berthe akasema lile neno. Hakupanga kulisema. Lilikuwa limekaa kifuani muda mrefu, likatoka likiwa baridi kabisa.

“Minye nachoka, Julie. Kama Mungu alikuwa na huruma, angemubeba ile siku ileile alianguka.”

“Yaya, mukubwa wangu, usiseme vile mbele yake.”

“Mbele ya nani? Hapa hapana muntu. Muntu alisha kwendaka. Ilibakia kiti tu.”

Julie alimtazama shemeji yake kwa wasiwasi. Benoît alikuwa anaangalia meza. Mate yalikuwa yamemtoka upande uliopinda wa mdomo, na Berthe aliinuka, akayafuta kwa kitambaa kwa uangalifu uleule wa siku zote, kisha akaketi na kumenya ndizi.

*

Ijumaa ikafika. Mama Berthe alivaa kitenge cha sikukuu, kile cha akina mama wa parokia, kwa nia ya kwamba akifukuzwa afukuzwe akiwa amevaa vizuri. Alifika mapema kuliko wote. Ofisini alimkuta Cédrick peke yake, amepiga magoti chini ya meza akikaza nyaya. Akamsalimia, akaketi, akafunga macho, akaanza kuchezesha vidole juu ya kibodi, hewani, bila hata kufungua ukurasa. Vilikwenda kwa mpangilio wa zamani, kasi kama mvua kwenye mabati. Hakujua kwamba Cédrick ameinuka na anamtazama.

“Maman,” Cédrick akauliza, “weye hauangaliake ma-touches ya kibodi hata kidogo?”

“Hapana. Masista balitukatazaka.”

“Na siku yote hii haukuniita?”

“Nikuite nikuambie nini, mutoto? Kusema nilisahau kazi?”

Cédrick alicheka, si kwa dharau. Akamweleza taratibu. Herufi zilizoandikwa juu ya vitufe ni rangi tu, zipo kwa ajili ya macho. Kibodi yenyewe haijui A wala Q. Inatuma habari kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, na kompyuta ndiyo inayoamua hicho kiitwe nani. Yeye Cédrick alikuwa ameacha kompyuta zote ziamue kwa Kiingereza, ili herufi ambayo watu wanaiona juu ya kitufe ndiyo itoke. Hakuwaza kwamba ndani ya ofisi kuna mtu asiyetazama. Akainama juu ya bega lake, akafungua mahali pa lugha, akabonyeza mara nne.

“Andika sasa. Usiangalie.”

Mama Berthe akaandika. Kisha kwa mara ya kwanza akainua macho mapema, kwenye neno la tatu. Kioo kilikuwa kimeandikwa Likasi, yenye A yake mahali pake. Akaliandika tena, na tena.

“Lakini ujue,” Cédrick akaongeza, “muntu mwingine hatawezaka kuandika hapa tena. Ataona A, itatoka Q.”

Saa tatu mtihani ukaanza. Monsieur Ruffin alipoelezwa alikunja uso, akasema mtihani ni wa kibodi mpya, kila mtu na ileile. Cédrick akamjibu kwamba ni ileile, hakuna kilichobadilishwa mezani, na kama anataka anaweza kuja kuigusa. Monsieur Ruffin akaangalia kibodi, akaangalia saa yake, akakosa kifungu cha kukatalia.

Mama Berthe alimaliza kwa dakika kumi na moja. Bila kosa hata moja. Danielle alimaliza kwa kumi na nne na nusu, akiwa ametoa jasho. Monsieur Ruffin, ambaye hakujua kushindwa bila sherehe, akavuta kiti cha Mama Berthe aandike mwenyewe chini ya ukurasa ule kwamba amefaulu. Akachungulia vitufe, akabonyeza “Admis” kwa kidole kimoja. Kioo kikaandika “Qd,is”. Hakuna aliyecheka, maana ni mkubwa. Aliinuka polepole, akaandika kwa kalamu.

Basi Mama Berthe akabaki na kazi, na nyumba ikabaki. Cédrick alibandika karatasi ndogo juu ya kioo chake: Isiguswe, ni ya Maman Berthe peke yake. Zamani watu walikuwa wakija mezani kwake, huyu kuandika mistari miwili, yule kusahihisha jina, na katika kuandika hupiga soga, huacha karanga, huuliza hali ya mgonjwa. Mchana huo hakuja mtu. Danielle alifika mpaka karibu, akasoma karatasi, akageuka. Mama Berthe alikula mkate wake akiangalia vitufe vyenye vibandiko vyekundu vya uongo, ambavyo yeye tu ndiye aliyeweza kuvielewa. Alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa na kiti kimoja.

*

Alirudi nyumbani kukiwa bado na jua. Alitaka kusema, “Nilifaulu.” Akasimama mlangoni na neno mdomoni, akamwangalia Benoît, akalimeza. Akaweka mezani samaki aliyemnunua njiani, akachukua viazi vilivyokuwa pembeni, akaenda nje kuandaa mbabula, jiko lake la makaa. Makaa yalikuwa yameshika unyevu. Akarudi ndani kuchukua katoni. Kazi yake imekwisha, itafaa kuwashia moto.

Alipoivuta haikuja. Mkono wa kushoto wa Benoît ulikuwa juu yake, vidole vimeshika ukingo.

“Acha, Benoît. Kazi yake ilisha.”

Akavuta tena. Benoît akatoa ile sauti yake moja, kwa nguvu ambayo Berthe hajaisikia tangu kituoni. Akashtuka, akaachilia. Mkono wa kushoto ukatulia juu ya katoni, kisha kidole cha shahada kikajitenga na vingine, kikasogea kwenye mstari wa chini wa herufi na kutua juu ya M. Kikainuka. Kikapanda juu kikitafuta, kikatua kwenye U.

Berthe alidhani anacheza. Kisha akaona kidole kinarudi, M, na kusubiri, kama mtu anayemwanzishia mwanafunzi mzito. Akavuta kiti. Kwa kumfuata ilibidi ainamishe kichwa na kutazama herufi moja moja, jambo alilokatazwa na masista tangu ana miaka kumi na sita. Akasoma kwa sauti ndogo.

“M. U. N. Y. U.” Akainua macho. “Munyu?”

Benoît akafumba macho, akafumbua. Kichwa kikashuka kidogo: ndiyo.

“Munyu ya chakula?”

Ndiyo.

Miaka miwili ya bukari na sombe lisilo na chumvi, na mtu huyu alikuwa ameyala yote akiwa na maoni yake. Berthe akaanza kucheka. Alicheka akijishika mbavu, akacheka mpaka machozi yakamtoka na hakujua tena kama ni kicheko. Akakimbia jikoni, akarudi na kopo, akachota chumvi kidogo kwa ncha ya kidole, akamwekea kwenye ulimi. Daktari atamsamehe. Benoît akafunga mdomo uliopinda, akatulia nayo muda mrefu kama mtu aliyepokea komunio.

Halafu Berthe akaanza kusema, maneno yakitoka kwa fujo. Akamweleza mtihani, Cédrick, Monsieur Ruffin na “Qd,is” yake. Benoît akatoa pumzi ya ghafla puani, na Berthe akaijua: ndivyo alivyokuwa akicheka zamani kwenye misa, akizuia. Alikuwa yupo. Siku zote hizi alikuwa yupo, yeye mzima, ndani ya kiti kile.

Kidole kikarudi kwenye katoni. M. U. N.

“Munyu tena? Hapana, inatosha, tension ya damu itapanda,” Berthe akasema, bado anacheka, mkono tayari kwenye kopo.

Kidole kilikataa. Kilipanda, kikatua kwenye T. Kikaenda U. Kikapumzika mahali peupe, kwenye kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi, kama alivyofundishwa. Kisha I. Kisha K. Kisha O.

Berthe hakusoma kwa sauti. Hakuhitaji. Muntu iko.

Jumapili ile ikamrudia yote: meza hii hii, ndizi, Julie, na macho ya Benoît yakiangalia chini. Benoît alikuwa amesikia. Alikuwa amesikia lile, na alikuwa amesikia miezi yote kabla yake, kilio cha jikoni, manung'uniko kwa Mungu, na ule ukimya ambao labda ulikuwa mbaya kuliko maneno. Yeye Berthe alijiona ndiye aliye peke yake ndani ya nyumba. Aibu ya ofisini haikuwa kitu mbele ya hii. Alitaka kuomba msamaha kwa lugha ambayo Benoît naye angeweza kuijibu.

Basi akanyoosha kidole chake mwenyewe juu ya katoni. Akakipeleka pembeni juu kabisa, kwenye kitufe cha kufuta, akakikandamiza na kukishikilia pale bila kuachilia, kama anayefuta mstari wote. Akamtazama mumewe usoni.

Benoît alikitazama kidole kile. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akakishika kidole cha mkewe, akakitoa kwenye kufuta. Akakishusha polepole mpaka kwenye kile kitufe kikubwa cha kushuka mstari, akakibonyeza juu yake, mara moja. Halafu akaachia, akaegemeza kichwa kwenye kiti, akamwangalia, akingoja aanze mstari mpya.